Vumbi la Mawe na Moshi wa Zebaki

Watu wengi wa Kabambare hutafuta riziki katika dhahabu, hasa upande wa Salamabila na Namoya. Mchimbaji akiletwa hospitali amepasuka kichwa kwa jiwe, kila mtu hufahamu mara moja: hakuvaa kofia ngumu. Lakini jiwe lina njia nyingine ya kuua, ya polepole, isiyo na damu.

Jiwe lenye dhahabu mara nyingi ni lile jeupe, gumu, liitwalo kwarizi. Ndani yake mna silika. Mkilitwanga kavu, vumbi mnaloliona juu ya nyusi na nguo silo baya kupita yote, maana pua hukamata sehemu kubwa yake. Baya ni lile lisiloonekana. Hilo hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, likakaa humo, na mapafu yakafanya makovu. Ugonjwa huu ni silikosisi, wala hakuna dawa ya kuuponya. Mtu aweza kuacha kazi na pumzi ikazidi kupungua. Tena mapafu ya namna hii hushikwa upesi na kifua kikuu. Kamituga, katika Kivu ya Kusini, wanawake wa kazi hii huitwa kwa Kifaransa twangaises, jina lililozaliwa na neno letu kutwanga. Basi msidhani hatari hii ni ya wanaume wa mashimoni tu.

Kinga ya kwanza si nguo, ni maji. Lowesheni mawe kabla ya kutwanga, na tena mnapotwanga. Kisha vaeni barakoa. Kipande cha kitenge hakitoshi, kwa kuwa vumbi hilo hupita kati ya nyuzi zake. Tafuteni barakoa iliyoandikwa FFP2 au N95, nayo ikae imebana uso pande zote. Mwenye ndevu nyingi ameifungulia vumbi mlango. Ikichafuka sana au kupasuka, itupwe.

Sasa sikilizeni vema, kwa maana hapa wengi hujidanganya: barakoa hiyo ya vumbi haizuii moshi wa zebaki. Mnapochoma dhahabu iliyoshikana na zebaki, zebaki hugeuka mvuke usio na harufu. Katika kila sehemu 100 mtu azivutazo, kama 80 hubaki mwilini. Mikono hutetemeka, figo huharibika, na mtoto aliye tumboni hudhurika pamoja na mama yake. Iko barakoa yenye kichujio cha zebaki, lakini si rahisi kuipata. Kwa hiyo yafaa kutumia chombo kilichofungwa chenye bomba, ambamo mvuke hupoa ukawa zebaki tena, nayo hutumika mara ya pili; hata mwenye kuhesabu faranga zake ataona faida. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na nyumba. Mapatano ya Minamata, yaliyoanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, yanazitaka nchi zilizoyakubali zikomeshe kuchoma zebaki wazi na kuichoma penye makao ya watu. Msiichome jikoni kamwe, wala katika sufuria ya chakula.

Nguo za kazi zivuliwe na kufuliwa kabla hujambeba mtoto. Na ukija hospitali na kikohozi, mwambie muuguzi unatwanga mawe tangu lini, hata kama hajakuuliza.