SOMO LA KIINGEREZA: Vitu vya Kuhesabu na Vitu vya Kupima

Leo tunajifunza majina ya vitu vinavyohesabika na visivyohesabika. Somo ni dogo, lakini nchini Uganda Kiingereza ni lugha ya ofisini, na kosa la neno moja laweza kukupunguzia msaada unaostahili.

1. TOFAUTI YAKE

Kinachohesabika huhesabiwa kimoja kimoja, nacho kina wingi. Blanketi moja ni "one blanket", mawili ni "two blankets".

Kisichohesabika hupimwa. Hakina wingi, wala hakitanguliwi na "a" au namba: "water" (maji), "flour" (unga), "rice" (mchele), "oil" (mafuta), "salt" (chumvi).

2. USIFUATE KISWAHILI

Sisi husema "maji yamekwisha" kana kwamba maji ni mengi. Kwa Kiingereza ni "The water is finished", si "are".

Sisi husema sabuni mbili na mikate miwili. Kiingereza hakisemi "two soaps" wala "two breads". Husema "two bars of soap", "two loaves of bread".

Habari, ushauri na mizigo ya msafiri ni "information", "advice" na "luggage". Usiongeze "s" mwishoni.

Mahindi na maharage twayapima kwa debe lile lile, lakini "maize" haihesabiki na "beans" huhesabika: "The maize is dry. The beans are dry."

3. KIPIMO HUHESABIKA

Ukitaka kuhesabu kisichohesabika, hesabu chombo chake. Tororo hutengenezwa saruji. "Cement" haihesabiki, lakini mifuko yahesabika: "ten bags of cement". Vilima vya Osukuru vina fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea. Mbolea nayo ni hivyo hivyo: "two bags of fertilizer". Na nyumbani: "three jerrycans of water", "one cup of oil".

4. MANENO YA KIASI

Vinavyohesabika: many, few, a few, how many.
Visivyohesabika: much, little, a little, how much.
Vyote viwili: some, any, enough, a lot of.

"Much" hutumika zaidi tunapokana au kuuliza: "We do not have much water."

5. HERUFI MOJA, MAANA MBILI

Hapa muwe waangalifu sana.

"We have a little flour": tuna unga kidogo, unatusaidia.
"We have little flour": unga ni kidogo mno, hautoshi.

Mama aliyebakiwa na unga wa mlo mmoja akisema "a little", karani aweza kuandika kwamba chakula bado kipo. Kwenye zahanati pia, "I have a few tablets" ni kusema vidonge vipo kiasi, na "I have few tablets" ni kusema vinakaribia kwisha.

Ukiwa na shaka, taja namba na kipimo: "We have one cup of flour for six people." Hapo hakuna wa kukuelewa vibaya.

6. ZOEZI

Jaza "much" au "many":
a) How ______ children do you have?
b) How ______ milk does the baby drink?
c) How ______ jerrycans are full?

Sahihisha:
d) Give me two soaps.
e) I need an information.
f) Umebakiwa na chumvi kidogo sana, haitoshi. Utasema "little salt" au "a little salt"?

MAJIBU: a) many, b) much, c) many, d) Give me two bars of soap, e) I need some information, f) little salt.

Someni kwa sauti pamoja na jirani. Ukimaliza, mpe mwenzako karatasi hii.