Somo la Afya: Sigara na Uzito wa Mwili



Majuzi, tulipokuwa tukitoka kanisani, ndugu mmoja mvuvi wa upande wa Matema aliniamkia, kisha akanivuta kando. "Mwalimu," akasema, "ulinifundisha nusu." Nikamwuliza nusu gani. Akanijibu, "Uliniambia niache sigara nipate afya. Nikaacha. Haikupita miezi mitatu suruali zikanikataa, kitambi kikatoka, shemeji zangu wakanicheka. Nikasema, kama hii ndiyo afya, basi. Nikarudia sigara. Sasa nimekwenda kupimwa, naambiwa nina kisukari. Je, kisukari si ugonjwa wa watu wanene, Mwalimu? Mbona mimi ni mwembamba?"

Sikuwa na jibu fupi la kumpa pale mlangoni. Tena alisema kweli, nilimfundisha nusu. Mimi mwenyewe nilivuta sigara miaka 22, tangu nilipokuwa JKT mwaka 1981 hadi mwaka 2003. Mwaka huo huo Bunge letu lilipitisha sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, ingawa iliyoniachisha si sheria bali kikohozi. Nilipoacha niliongezeka kilo sita. Jambo hilo nililijua vizuri, lakini kila nilipozungumza na wavutaji nililificha, kwa kuogopa kwamba wakilisikia hawataacha. Mwalimu anayeficha ukurasa mmoja wa kitabu ili wanafunzi wasiogope mtihani hawasaidii. Basi leo tuufungue ukurasa huo.

Je, ni kweli kwamba sigara hukondesha?

Ndiyo, ni kweli. Ukichukua watu wengi wavutaji na wengi wasiovuta, ukawapima, kwa wastani wavutaji huwa wepesi kidogo. Wavuvi wetu wanaotoka jioni na taa zao kuvua usipa hawahitaji kufundishwa hili na daktari. Wanajua kwamba sigara moja usiku wa manane hutuliza njaa mpaka alfajiri. Ndani ya moshi mna dawa iitwayo nikotini. Mtu akivuta, nikotini hufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde chache tu, na huko hugusa sehemu ile inayotuambia kwamba tumeshiba. Mwili unadanganywa kuwa umekula, kumbe haujala.

Tena nikotini huufanya mwili utumie nguvu zaidi. Mwaka 1986 watafiti wa Uswisi waliwaweka wavutaji katika chumba maalumu kwa siku nzima. Walipima nguvu ambayo miili yao ilitumia siku waliyovuta sigara 24 na siku ambayo hawakuvuta. Siku ya sigara mwili ulitumia nguvu zaidi kwa karibu asilimia 10, yaani kama kalori 200. Kwetu Kyela tuziite kikombe kimoja cha wali. Hicho ndicho kiasi chenyewe, ndugu zangu: sigara 24 kwa kikombe kimoja cha wali.

Na nguvu hiyo inakwenda wapi? Nikotini huamsha mwilini ile hali ya kushtuka, ambayo mtu huipata anapokutana na nyoka njiani. Moyo hupiga mbio, mishipa ya damu hujikaza, ini humwaga sukari katika damu ili mtu apate nguvu za kukimbia. Lakini mvutaji hakimbii. Amekaa kwenye benchi. Mtu anayeendesha baiskeli huku akifukuzwa na mbwa kila siku naye atakonda, lakini hatuwezi kumshauri mtu yeyote afuge mbwa wa namna hiyo.

Wenye viwanda waliijua habari hii ya njaa zamani sana. Katika miaka ya 1920 huko Marekani, sigara za Lucky Strike zilitangazwa kwa akina mama kwa kuwaambia wachukue sigara badala ya peremende, na watengeneza peremende wakalalamika sana. Mwaka 1968 ikatolewa sigara nyingine ya wanawake iliyoitwa Virginia Slims, na hilo neno la pili kwa Kiingereza maana yake ni wembamba. Huku kwetu wanawake wanaovuta ni wachache. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2018 ulionyesha kuwa kati ya watu wazima, wanaume waliokuwa wakivuta ni karibu 13 katika kila 100, na wanawake kama mmoja tu. Sisi wa Kyela hatulimi tumbaku. Zetu ni mpunga, kakao, michikichi na migomba. Lakini Chunya inalimwa, na ng'ambo ya mto Songwe wenzetu wa Malawi wameishi kwa zao hilo miaka mingi. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba ni jambo la mbali.

Mwembamba mwenye kitambi

Sasa tufike kwenye swali la yule ndugu mvuvi. Mizani hupima kilo, lakini haioni mafuta ya mwili yamekaa wapi. Yapo mafuta yanayokaa chini ya ngozi, kwenye mapaja na makalio, na hayo hayana madhara makubwa. Yapo mengine yanayokaa ndani ya tumbo, yakizunguka ini na utumbo, na hayo ndiyo ya hatari. Imeonekana mara nyingi kwamba mvutaji, hata akiwa na kilo chache, huelekea kuyaweka mafuta yake tumboni. Mtamwona mtu mikono imekonda, miguu imekonda, shati linakaza katikati. Tena wanaovuta sigara nyingi sana kwa siku, mara nyingi si wembamba kuliko wanaovuta chache. Huwa wazito zaidi, kwa kuwa mara nyingi tabia hiyo huenda pamoja na pombe, chakula kibaya na kukaa bila kufanya mazoezi.

Kuhusu kisukari, hebu tufikirie ghala la mpunga. Tukila wali au mbalaga, chakula hicho hugeuka sukari na kuingia katika damu. Damu ni barabara tu. Sukari haitakiwi kukaa barabarani, inatakiwa iingie ghalani, yaani ndani ya nyama za mwili, ikatumike. Mwenye ufunguo wa ghala ni kitu kiitwacho insulini, ambacho hutengenezwa na kongosho. Nikotini na sumu nyingine za moshi huitia kufuli kutu. Ufunguo upo, lakini hauzunguki vizuri. Kongosho hulazimika kutoa funguo nyingi zaidi kwa kazi ile ile, mwaka hadi mwaka, mpaka huchoka. Magunia hurundikana barabarani, na hicho ndicho kisukari. Mafuta ya tumboni nayo huongeza kutu hiyo hiyo.

Taarifa ya Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 2014 ilieleza wazi kwamba wavutaji hupata kisukari cha ukubwani kwa asilimia 30 hadi 40 zaidi ya wasiovuta, na kadiri mtu anavyovuta nyingi ndivyo hatari inavyozidi. Kwa hiyo mtu mwembamba mvutaji hana kinga. Na ugonjwa wenyewe si mgeni nchini. Uchunguzi wa mwaka 2012 katika Tanzania ulikuta kisukari kwa watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, na shinikizo la damu kwa watu 26 hivi katika kila 100. Wengi wao hawakuwa na habari.

Nitaongeza jambo moja linalotuhusu sisi wa tambarare hii. Zamani Kyela nzima ilikwenda kwa baiskeli; mtu alitoka Ipinda mpaka Kyela mjini na gunia nyuma, akarudi jioni. Siku hizi tunakaa juu ya bodaboda, lakini sahani ya wali haikupunguzwa. Hiyo ni sigara au si sigara, kitambi kitakuja.

Ukurasa niliouficha

Ukiacha sigara, huenda ukanenepa. Mwaka 2012 jarida la madaktari la Uingereza liitwalo BMJ lilichapisha hesabu iliyokusanywa kutoka majaribio mengi ya watu walioacha sigara. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wameongezeka kilo 4 mpaka 5 kwa wastani, na sehemu kubwa ya uzito huo iliingia katika miezi mitatu ya kwanza. Lakini wastani si mtu. Katika kila watu 100 walioacha, 16 walipungua uzito, na 13 waliongezeka zaidi ya kilo 10. Sababu zake tumekwisha kuziona: njaa ya kweli inarudi, mwili unaacha kushtuka ovyo, na ulimi unaanza tena kusikia ladha. Mimi nakumbuka usipa wa kukaanga wa wiki ile ya tatu; ilikuwa kana kwamba sijapata kuula tangu utoto. Nilikula kwa miaka yote 22.

Hapa ndipo wengi wetu huangukia. Ndugu kadhaa wa parokia huacha sigara Kwaresima, wakisema watajaribu siku 40. Siku 40 ni ndani ya ile miezi mitatu ya kunenepa. Basi Pasaka inapofika mtu huvaa suti yake ya sikukuu, akakuta kifungo hakifiki, na hapo hapo ana ruhusa ya kurudia. Laiti angejua kwamba amekwisha kuupanda mlima nusu.

Je, uzito huo unaharibu faida ya kuacha? Swali hili limechunguzwa. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa miaka mingi juu ya wauguzi na watumishi wengine wa afya wa Marekani. Walioacha sigara wakanenepa sana, hatari yao ya kisukari ilipanda kwa muda, ikafikia kilele kati ya mwaka wa 5 na wa 7, kisha ikashuka. Walioacha bila kunenepa haikupanda hivyo. Lakini kuhusu kufa, hasa kwa magonjwa ya moyo, wote walioacha walipata nafuu kuliko walioendelea kuvuta, walionenepa na wasionenepa. Kwa hiyo kilo zile ni jambo la kuangalia, wala si jambo la kudharau, lakini si sababu ya kurudi kwenye pakiti.

Wazee wenzangu nao wasiseme muda umepita. Daktari Richard Doll wa Uingereza na wenzake waliwafuatilia madaktari wa nchi yao kuanzia mwaka 1951 hadi 2001. Wale waliovuta maisha yao yote walikufa mapema kwa miaka kama 10 kuliko wasiovuta kamwe. Aliyeacha akiwa na miaka 30 aliiokoa karibu yote 10. Wa miaka 40 aliokoa 9. Wa miaka 50 aliokoa 6. Na hata aliyeacha akiwa na miaka 60 alipata 3. Mimi niliacha nikiwa na miaka 43, hesabu mnaweza kuifanya wenyewe.

La kufanya

Siku ya kuacha isiwe siku ya kuanza kufunga kula. Ukipigana na njaa na hamu ya sigara kwa pamoja, moja itakushinda, na mara nyingi sigara ndiyo hushinda. Punguza kidogo tu: kijiko kimoja cha sukari katika chai, mkono mmoja wa wali, mawese kidogo. Mdomo ukitaka kazi, upe maji, tango au karoti, wala si mandazi. Hamu yenyewe hupita kwa dakika chache ukiipisha. Itoe baiskeli ndani. Mtu akitembea kwa haraka nusu saa kila siku huchoma sehemu kubwa ya zile kalori ambazo nikotini ilikuwa ikizichoma kwa kuumiza moyo.

Tena acha kutegemea mizani peke yake. Chukua kamba. Simama wima, mtu akupime nayo toka kisigino mpaka utosini, ukate hapo. Ikunje katikati, kisha izungushe kiunoni, usawa wa juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Kama ncha zinakutana, vema. Kama hazikutani, mafuta ya tumboni yamezidi, hata kama mizani inakusifu. Mimi nilipoacha sigara ncha zangu zilipishana kwa vidole vinne. Ilinichukua miaka miwili kuzikutanisha.

Kwa yule ndugu yangu mvuvi, na wengine ambao wamekwisha kuambiwa wana kisukari: kwenu kuacha ni haraka zaidi, maana sukari na moshi vyote viwili huharibu mishipa ile ile, ya macho, ya figo na ya miguu. Lakini msiache kimya kimya. Mwambieni daktari siku mnayoacha, kwa sababu kipimo cha sukari kinaweza kubadilika katika miezi ya mwanzo, na huenda dawa ikahitaji kurekebishwa. Wala mtu asiache dawa kwa kuwa ameacha sigara.

Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya ibada, nitakuwa chini ya mwembe nikiwa na kamba ya kutosha na mkasi. Ndugu mvuvi ameahidi kufika. Nimemwomba awalete na wale shemeji zake waliomcheka, nao tuwapime.