Neno "Mtoro" katika Kumbukumbu za Vita vya Witu, 1890

Makala haya yanachunguza vita vilivyopiganwa jirani na Ozi, na namna neno moja la Kiswahili linavyoweza kuamua nani ahesabiwe askari na nani mhalifu.

Mnamo Septemba 1890, Mjerumani Andreas Küntzel na wenzake kadhaa waliuawa Witu baada ya ugomvi na watu wa Sultani Fumo Bakari. Kwa mkataba wa Julai mwaka huohuo, Ujerumani ilikuwa imekwisha kuiachia Uingereza eneo hilo. Hivyo Admirali Edmund Fremantle alikusanya jeshi Kipini, penye mlango wa Mto Ozi: mabaharia wa Kiingereza, polisi Wahindi na askari wa Sultani wa Zanzibar. Tarehe 27 Oktoba mji wa Witu ulitekwa, kisha ukateketezwa. Waliopigana upande wa Fremantle walitunukiwa nishani yenye jina la Witu na mwaka huo.

Wengi wa waliopigana upande wa pili waliitwa watoro. Nomino hii ina uhusiano na kitenzi "toroka", na zama zile ilimtaja mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Hili ni neno la bwana, kwani humpima mtu kwa mahali alipotoka, wala si kwa alichokitafuta. Ilhali tangu siku za Ahmed Simba, mwasisi wa Witu, watu hao walipata hifadhi msituni, wakashika silaha, wakawa nguzo ya ulinzi wa dola. Fumo Bakari alifariki mwaka 1891, lakini Fumo Omari aliendeleza upinzani kutoka msituni, hata Waingereza wakalazimika kupeleka jeshi tena mwaka 1893.

Hata hivyo, haifai kubadili "mtoro" kuwa "shujaa" pasipo tahadhari. Wapokomo wa kando ya Tana waliwafahamu wapiganaji hao kwa mashambulizi na utekaji, na dola ya Witu yenyewe ilimiliki watumwa. Aliyekimbia utumwa aliweza kumtia mwenziwe utumwani.

Leo "mtoro" ni mwanafunzi anayekwepa masomo, na uzito wa kale umefifia. Kwa hiyo mhakiki asomaye masimulizi ya Witu hana budi kuuliza kwanza: neno hili limetoka kinywani mwa nani? Bwana, admirali na Mpokomo kila mmoja alimwona mtu tofauti katika mpiganaji yuleyule.