Kufumba Daftari Lililo Katika Kompyuta ya Mbali



Tumeulizwa: karani akiweka daftari la wakulima katika kompyuta iliyo mji mwingine, naye si msimamizi wake, aweza kulifumba? Aweza.

Tuwatazame wenzetu wa korosho. Masasi wana MAMCU, Newala wana TANECU. Mkulima hupeleka korosho katika chama chake cha msingi, zikapimwa, zikaenda ghalani, zikanadiwa, na fedha zikaingia katika hesabu yake ya benki. Basi daftari la karani lina jina, kilo na nambari ya benki ya kila mtu. Hiyo ni amana, na kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ni wajibu pia. Sisi wa karafuu tuna madaftari ya namna hiyo hiyo.

VeraCrypt kwa kawaida hutaka ruhusa ya msimamizi, kwani hugusa mfumo wenyewe wa mashine. Yafaa 7-Zip au GnuPG, ambazo hufumba faili moja moja kwa ruhusa ya mtumiaji wa kawaida. Katika 7-Zip chagua 7z na AES-256, ufumbe na majina ya faili, maana jina peke yake aghalabu husema mengi.

Lakini lililo kubwa: fumba kwako kwanza, ndipo upeleke. Ukifumbia kule kule, msimamizi aweza kulinasa neno la siri unapoliandika, na nakala ya wazi yaweza kubaki diskini hata baada ya kuifuta.

Neno la siri liwe refu, maneno sita yasiyohusiana, liandikwe karatasini na kufungiwa katika kasha la chama. Likipotea, hakuna fundi wa kulifungua daftari.