CV yako ya kwanza: andika unachoweza kukithibitisha

Je, umemaliza Kidato cha Nne, ukaona tangazo la kazi pale Bunda, linataka barua na CV, ukasema moyoni, "Mimi CV nitaitoa wapi na sijawahi kuajiriwa?" Usikate tamaa. CV ni wasifu wako tu: wewe ni nani, umesoma wapi, umefanya nini, na nani anaweza kusema kwamba ni kweli. Kurasa mbili zinatosha. Kwa anayeanza, hata moja.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Tuseme ni mwanzoni mwa 1953, na kijana wa Butiama aliyezaliwa 1922 anaomba kazi ya ualimu. Shule aliianzia Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Wengi wetu tungeanzia hapo hapo Mwisenge. Lakini mwajiri ana rundo la barua mezani na anasoma mistari ya juu kwanza, kwa hiyo cha karibuni ndicho kinatangulia:

Elimu
1949–1952: Chuo Kikuu cha Edinburgh, shahada ya M.A.
1943–1945: Makerere, Uganda, ualimu
1937–1942: Shule ya Serikali, Tabora
1934–1936: Mwisenge, Musoma

Kazi
1946–1949: Mwalimu, St. Mary's, Tabora

Umeshamtambua. Ni Mwalimu Nyerere, na mwaka huo alianza kufundisha Pugu. Ukisoma mistari mitano tu unaelewa kila mwaka alikuwa wapi, bila sifa za "mchapakazi hodari" hata moja.

Kuna jambo jingine kwake. Aliitwa Kambarage, jina la Julius alilipata alipobatizwa mwaka 1943. Wengi hapa Mara tuko hivyo: shule ya msingi jina la babu, sekondari jina la dini. Majina kwenye CV, vyeti na kitambulisho cha NIDA yafanane. Kama hayafanani, mwone wakili mapema akuandalie hati ya kisheria, usisubiri siku ya usaili.

Sasa wewe. Uliwahi kushika daftari la mauzo ya dagaa ya mama mdogo pale mwaloni Musoma? Hiyo ni kazi. Usiandike "nilisaidia nyumbani." Andika: "Juni hadi Desemba: kupima dagaa, kuandika mauzo na kuhesabu fedha za kila siku." Kama unaomba kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni, mstari huo unamwambia mwenye nyumba kwamba pesa unaijua. Uliwahi kuwa katibu wa klabu ya afya shuleni? Weka. Mpira unaupenda? Sawa, lakini mstari mmoja unatosha, jamani.

Usiongeze chumvi. Mwaka 2017 uhakiki wa serikali ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini, wengine wakiwa na miaka mingi ofisini. Na ukiomba serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira, soma tangazo hadi mwisho: wanataka wadhamini watatu wa kuaminika, na hati ya matokeo ya Kidato cha Nne haikubaliwi badala ya cheti chenyewe. Mdhamini awe mwalimu au mtu uliyemfanyia kazi, na umwombe kabla ya kuandika namba yake. Ukimshtukiza, akipigiwa atasema "nani huyo?"

Kabila, ndoa, ujauzito, hali yako ya VVU: hayo hayana nafasi kwenye CV. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kukubagua kwa hayo, na hata kwa ulemavu. Namba ya simu ni lazima, lakini iwe inayopatikana. Kama simu ni ya kaka, mwambie kaka.

Tena dada, na wewe kaka pia: CV ikishafika kwa watu, namba yako iko mikononi mwao. Mtu akikuita kwenye "usaili" chumbani gesti usiku, usiende. Akikutaka kimapenzi ndipo akupe kazi, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa kwa sheria ya mwaka 2007. Ujumbe wake usiufute. Mwonyeshe mtu mzima unayemwamini, kisha pigeni TAKUKURU namba 113, ni bure.