Benga Iliyochanganywa: Mhakiki Anasikia Nini?

Muhula wa kwanza mwaka huu, katika mkutano wa chama chetu cha Kiswahili, nilisimama kifua mbele nikasema kwamba benga ikishatiwa gitaa za Wazungu si benga tena. Nilipigiwa makofi. Makofi hayo yananisuta mpaka leo, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Bendi niliyokuwa nikiisema inaitwa Extra Golden. Jina hilo ni la kuunganishwa: Golden ilikuwa bendi ya roki ya Marekani, na Orchestra Extra Solar Africa ilikuwa bendi ya benga ya hapa Nairobi. Ian Eagleson, mpiga gitaa wa Golden, alikuja Kenya kuchunguza benga akakutana na Otieno Jagwasi. Mwaka 2004, pamoja na Alex Minoff na mpiga ngoma Onyango Wuod Omari, walirekodi nyimbo papa hapa mjini. Otieno alifariki mwaka 2005. Albamu yenyewe, Ok-Oyot System, ilitoka mwaka 2006. Hakuwahi kuiona.

Kwanza tuelewane kuhusu neno kuchanganya. Kampuni iliyotoa albamu hiyo, Thrill Jockey, ndiyo pia iliyotoa kazi za Tortoise, bendi ya Chicago ambayo muziki wake uliitwa posti-roki. Mwaka 1995 Tortoise walitoa albamu ya rimiksi: kanda za albamu yao ya kwanza walipewa wenzao wazipange upya. Mhakiki wa kazi kama hiyo ana raha. Anaweka ya kwanza huku, ya pili kule, analinganisha. Lakini Extra Golden haina wimbo wa kwanza wa kulinganisha. Waliochanganywa ni watu wenyewe. Sasa mhakiki alinganishe na nini?

Wahakiki wa ng'ambo waliipokea bendi hii vizuri. Walisifu jinsi gitaa zinavyojibizana, wakazipima kwa roki waliyokulia. Kwa lugha ya darasani, walihakiki fani. Maudhui yaliwapita wengi, maana nyimbo nyingi ni za Kidholuo. Tazama jina la albamu ya pili ya mwaka 2007, Hera Ma Nono. Kwa Kiswahili ni mapenzi ya bure. Je, bure isiyolipiwa, ama bure isiyo na faida? Neno letu, kama la Kidholuo, linabeba yote mawili. Mtafsiri wa Kiingereza lazima achague moja, na nusu ya utamu imekwenda.

Lakini nisijifanye mjuzi. Nimezaliwa Kawangware, mama ni Mluhya, na Kidholuo changu ni cha kuomba maji na kusalimia. Kwa hivyo nilipanda matatu, halafu nikatembea kwa miguu hadi Gatwekera, Kibera, kwa baba mdogo.

Baba mdogo aliuza kanda katika soko la Toi. Vurugu za uchaguzi wa mwaka 2007 zilipozuka, soko liliteketea, na kanda zake zote: D.O. Misiani, George Ramogi, Victoria Jazz. Mimi sikuwa nimezaliwa. Nilikuwa nikisikia tu nyumbani kwamba "Baba mdogo alikuwa na duka," basi.

Nilimwekea wimbo kwenye simu. Mwanzoni alikunja uso. "Besi iko wapi?" Simu ndogo, besi ingetoka wapi! Nikampa spika ya jirani. Akaniambia ningoje, nisiseme kitu. Benga, alinieleza, ina sehemu mbili: mwanzo waimbaji wanatoa hadithi, halafu sauti zinanyamaza na gitaa zinashika mbio. Hapo ndipo mtu huinuka kitini. Gitaa hizo zimerithi nyatiti, kile chombo cha nyuzi nane, na hazipigwi kwa fujo. Kila moja huacha nafasi, nyingine iijaze. Huyo Mzungu, akasema, ameacha nafasi. "Huyu alifundishwa akafundishika."

Nikakumbuka hotuba yangu nikaona haya. Nilikuwa nimehukumu kwa dakika moja ya mwanzo, kabla gitaa hazijashika mbio.

Nikampigia pia "Obama", wa kumshukuru Barack Obama, aliyekuwa seneta wa Illinois, kwa msaada wa viza bendi ilipoalikwa Chicago mwaka 2006. Akacheka: "Hii si mambo ya Wazungu. Hii ni benga kabisa." Katika benga, kumtaja mfadhili wako kwa jina ni desturi. Mhakiki asiyeijua angeweza kudhani ni siasa tu.

Mwisho nikamwambia habari ya albamu ya mwaka 2009, Thank You Very Quickly. Jina hilo ni shukrani kwa waliochanga pesa kusaidia jamaa za wanabendi wakati wa vurugu zile zile. Baba mdogo hakucheka tena. Alisikiliza wimbo wa jina hilo mpaka ukaisha, akiwa ameangalia mlango.

"Unasemaje, Baba?" nikauliza, daftari mkononi.

"Gitaa ni nzuri," alisema. Kisha, baada ya muda: "Sisi wa Toi hakuna aliyetuchangia."

Niliandika yote mawili. Halafu akaniomba nirudishe wimbo, lakini nianzie pale waimbaji wanaponyamaza.