Jiundie Draiva ya Tochi: Vidokezo vya Bodi na Vipuri

Fungua kichwa cha tochi nzuri ya LED na utakuta bodi ndogo ya mviringo yenye springi katikati. Hiyo ndiyo draiva. Inapokea umeme wa betri na kuipimia LED kiasi inachoweza kustahimili, na ndiyo inayoamua kama tochi itakuwa na mwanga mdogo, wa kati au mkali. Draiva ya kununua huja na mpangilio wa mwenye kiwanda. Ya kujiundia huja na wako. Hapa tutashika mfano mmoja ambao wengi huanza nao: bodi ya milimita 17, betri moja ya lithiamu-ioni ya 18650, LED moja nyeupe.

1. Anza na betri na LED, chipu baadaye. Betri ya lithiamu-ioni ikijaa ina volti 4.2, na hutakiwi kuishusha chini ya takriban volti 3. LED nyeupe yenye nguvu huhitaji volti 3 na kidogo. Kwa kuwa betri iko juu ya LED kwa sehemu kubwa ya safari yake, draiva ya kupunguza umeme inatosha. Ukitaka kuwasha LED ya volti 6 kwa betri moja, hapo unahitaji draiva ya kupandisha volti, yenye koili, na hiyo iache iwe kazi ya pili au ya tatu.

2. Chagua AMC7135. Ni chipu ya miguu mitatu inayopitisha miliampea 350, basi. Ukitaka zaidi, panga nyingine ubavuni: nane zinatoa ampea 2.8. Lipo toleo la miliampea 380, na nane za aina hiyo hufika ampea 3.04. Chipu hizi hukaa upande wa hasi wa LED, na mguu wa kati umeungana na bapa la chuma mgongoni. Vyote viwili ni hasi ya betri. Kumbuka hilo unapochora, maana bapa hilo ndilo njia ya kutolea joto.

3. Hesabu joto kabla ya kushangilia mwanga. Volti inayozidi haipotei hewani. Betri ikiwa na volti 4.2 na LED ikitumia 3.2, volti 1 inabaki kwenye chipu zako. Izidishe kwa ampea 2.8: wati 2.8 za joto juu ya bodi isiyofika ukubwa wa sarafu. Betri ikishuka hadi 3.6, joto linabaki wati 1.1 tu. Kwa hiyo dakika za mwanzo ndizo za hatari. Acha shaba nyingi kuzunguka chipu, toboa vitundu vya kupeleka joto upande wa pili, na hakikisha ukingo wa bodi unagusa vizuri chuma cha tochi.

4. Pima tundu la tochi linalopokea bodi kwa kalipa. Milimita 17 ndicho kipimo cha kawaida, lakini tochi hutofautiana. Nusu milimita ikizidi, bodi haiingii. Pima na kina pia, maana bodi ya kawaida ina unene wa milimita 1.6, na wapo wanaotengeneza ya 0.8. Ukimaliza, chapisha mchoro kwenye karatasi kwa kipimo halisi, ukate, uujaribu ndani ya tochi. Karatasi ni rahisi kuliko bodi.

5. Chora kwa KiCad. Ni programu ya bure, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Mfaransa Jean-Pierre Charras, na haina kikomo cha ukubwa kitakachokugusa kwenye bodi kama hii. Kazi ikiisha, toa faili za Gerber uzipeleke kiwandani. OSH Park ya Marekani hutoza kwa inchi ya mraba na kutuma nakala tatu zenye rangi yake ya zambarau. JLCPCB ya China huanzia bodi tano. Kwa bodi ndogo namna hii, nauli mara nyingi huizidi bei ya bodi zenyewe, kwa hiyo agiza na wenzako kwa mkupuo mmoja.

6. Chagua chipu ya programu, yaani ile inayoziamuru 7135 ziwake na kuzimika, kwa kazi iliyopo. ATtiny13A ina kilobaiti 1 tu ya kuhifadhi programu, nayo inatosha kabisa kwa hatua tatu nne za mwanga na ulinzi wa betri. Ukitaka makubwa, chukua ATtiny85 yenye kilobaiti 8. Programu maarufu ya Anduril, iliyoandikwa na ToyKeeper na kuachwa wazi kwa wote, inahitaji nafasi ya namna hiyo, pamoja na kitufe kilichounganishwa na chipu yenyewe. Swichi ya kukata umeme mkiani peke yake haiitoshi. Angalia na herufi za mwisho unaponunua: ATtiny13A-SSU ni nyembamba, ATtiny13A-SU na ATtiny85-20SU ni pana. Ukichanganya, miguu haitakaa kwenye nafasi zake.

7. Usiache vipuri vidogo. Vinne vinatosha kuokoa tochi. Dayodi ya Schottky hulinda chipu ya programu endapo mtu ataweka betri kichwa chini. Kapasita ya maikrofaradi 10, iliyowekwa karibu na mguu wa umeme wa chipu, hutuliza mitikisiko. Rezista mbili, ya kiloomu 19.1 na ya 4.7, huigawa volti ya betri ili chipu iisome na kuzima tochi kabla betri haijaharibika. Rezista hizi nunua za asilimia 1, na ukiweka kiwango cha kuzima kumbuka kuwa dayodi nayo inakula sehemu ya volti.

8. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika orodha kamili kabla ya kufungua duka lolote: jina zima la kipuri, umbo, thamani, idadi, na cha ziada. Kwa mara ya kwanza chukua rezista na kapasita za 0805, ambazo zina milimita 2 kwa 1.25; za 0402, zenye milimita 1 kwa nusu, waachie wenye jicho la mwewe. Zidisha idadi, kwa sababu rezista moja ikiruka kutoka kwenye kibano huioni tena. DigiKey na Mouser za Marekani huuza hata kipuri kimoja kimoja, LCSC ya China mara nyingi huuza vipuri vidogo kwa mafungu, na zote huweka datashiti pembeni ya bei. Isome.

9. Gawa manunuzi: ya nyumbani na ya kuagiza. Lehemu, waya, multimita, kibano na springi tafuta karibu nawe. Kariakoo jijini Dar es Salaam na Barabara ya Luthuli jijini Nairobi ni mahali pa kuanzia. Chipu za aina maalumu ndizo za kuagiza. Betri usiitegemee posta: tangu tarehe 1 Aprili 2016, ICAO imezuia betri za lithiamu-ioni kusafirishwa peke yake kama mizigo kwenye ndege za abiria. Inunue kwa muuzaji unayeweza kumrudia. Zile zilizochopolewa kwenye kompyuta mbovu, zenye ganda lililochubuka au zisizoshika chaji, zisiingie kwenye tochi inayovuta karibu ampea 3.

10. Maandishi yaliyo juu ya chipu hayatoshi. Kwenye masoko ya mtandaoni 7135 za kuiga zipo. Kabla ya kulehemu nane, jaribu moja: unganisha mguu wa umeme kwenye chanya ya betri, mguu wa kati kwenye hasi, na LED kati ya chanya na mguu wa kutokea, kisha pima mkondo. Ukikuta karibu na miliampea 350, na usomaji haubadiliki betri inaposhuka kidogo, endelea. Ukikuta namba inayopanda na kushuka pamoja na betri, hiyo si chipu ya kudhibiti mkondo.

11. Lehemu kwa mpangilio. Lehemu ya bati 63 na risasi 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Ile ya bati na bismathi huyeyuka kwenye 138, ni rahisi kutumia lakini huvunjika upesi, na springi ya tochi husukuma kila siku. Tumia ya kwanza, dirisha likiwa wazi, na nawa mikono ukimaliza. Flaksi iwe ya utomvu wa msonobari. Ile ya asidi ya mafundi bati itaitafuna bodi yako. Anza na vipuri vifupi, springi iwe ya mwisho. Springi ya chuma ina ukinzani, kwa hiyo pitisha waya mwembamba wa shaba ndani yake, kutoka juu hadi chini, ili mkondo mkubwa upite huko.

12. Weka programu betri ikiwa nje. Kifaa cha USBasp na kibanio cha miguu minane vinatosha, na avrdude ni ya bure. ATtiny13A hutoka kiwandani ikienda megahezi 1.2, kwa kuwa saa yake ya 9.6 imegawanywa kwa 8. Ikiwa programu yako imeandikwa kwa kasi nyingine, rekebisha fyuzi za chipu, yaani mipangilio yake ya ndani, la sivyo kila muda ndani ya programu utakosea, na huenda tochi ikatoa mlio mwembamba kwenye mwanga mdogo.

13. Washa kwa tahadhari. Kama una pawasaplai ya kudhibiti mkondo, anza na volti 3.6 na miliampea 100. Kama huna, weka rezista ya omu 10 yenye wati 5 kati ya betri na bodi: hata pakiwa na shoti, mkondo hautazidi ampea 0.42. Gusa kila kipuri. Kinachounguza kabla LED haijawaka huenda kimelehemiwa vibaya. Kisha jaribu mwanga mdogo, halafu toa rezista upime mkondo wa mwanga mkali kwa tundu la ampea 10 la multimita.

Ukivuka jaribio hilo la mwisho, usiibadilishe bodi mara moja. Itumie kwanza, andika inavyochemka na muda inaokaa na chaji, ndipo uagize toleo la pili. Bodi nzuri hutokana na vipimo vilivyoandikwa, si na vipuri vya bei kubwa.